Neno Nililombandika Karim Kifuani

Sanduku la Mama lilipofunguliwa, ilitoka kwanza harufu ya vidonge vya nondo, halafu ubani, halafu harufu ya tatu ambayo pua yangu iliijua kabla sijaipatia jina: sufu iliyowahi kuloa ikakaushwa karibu na hita ya mafuta ya taa. Zilikuwa zimepita siku chache tu tangu arobaini yake. Mimi na ndugu yangu Karim tulikuwa tumekaa sakafuni katika flati yake ya Neasden, London, tukichambua vitu, vya sadaka upande huu, vya kubaki upande ule, na tulikuwa tunaendelea vizuri bila kulia mpaka Karim alipotia mkono chini kabisa akatoa sweta.

Ilikuwa sweta ndogo, nyekundu, ina nyota nyeupe kifuani, imefumwa kwa mkono na mtu aliyejua kazi yake. Ingemtosha mtoto wa miaka mitatu. Karim, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, aliipachika juu ya kitambi chake akacheka.

"Dada, hii ilikuwa yangu?"

"Sijui," nikamwambia, na kweli sikujua. Katika maisha yetu tulimjua mwanamke mmoja tu aliyefuma nyota za namna ile, na nyumba ya mwanamke huyo tuliihama Karim akiwa na miezi saba, hajajua hata kukaa vizuri. Sweta ya miaka mitatu ilitoka wapi?

"Don't tell me ni ya yule crazy landlady wa Kilburn," Karim akasema. "Yule aliyetaka kunigandisha."

Hadithi hiyo anaipenda. Huisimulia kwenye harusi na kwenye futari, jinsi alivyokuwa mchanga, mgonjwa, na bibi mwenye nyumba akamtoa nje uani na fulana tu, kisa eti mila za kwao. Mbele ya wakwe zake wa Croydon huongeza theluji, ingawa siku ile haikuanguka theluji. Watu hucheka, mimi huenda jikoni kutazama chai. Hadithi ina kasoro moja tu: yule mama hakufanya jambo hilo. Nililifanya mimi, nikiwa na miaka minane, na nimelikalia kimya mpaka kichwa kimejaa mvi.

Ilikuwa ile miaka ambayo Wahindi wa Afrika Mashariki walikuwa wakishuka ndegeni na masanduku yaliyofungwa kamba, kila mtu na paspoti yake ya Malkia mkononi na kila mtu na haraka, maana ilisemwa mlango utafungwa wakati wowote. Baba alibaki Mombasa kumalizana na duka na kungoja karatasi zake. Tulitangulia wanne: Mama, Dadima ambaye ni mama yake Baba, mimi, na Karim aliyekuwa bado ananuka maziwa. Tukapanga chumba kimoja Kilburn, juu kabisa ya nyumba, chini ya paa, dari limeinama upande mmoja kiasi kwamba Mama alipiga kichwa kila alipoinuka kitandani.

Dadima alitangaza vita na baridi siku ya kwanza. "Baridi ni mwizi," alisema, "huingia palipo na tundu." Alikunja magazeti akayasokomeza kwenye nyufa za dirisha, akapitisha gundi ya karatasi juu yake, kisha akaziba tundu la funguo kwa pamba. Katikati ya chumba iliwaka hita ya mafuta ya taa mchana kutwa, na juu yake nepi za Karim zilining'inia kwenye kamba zikitoa mvuke. Jioni alifukiza ubani ili kuondoa harufu ya mafuta. Asubuhi maji yalikuwa yakitiririka kwenye kioo na kwenye ukuta, na mimi nikirudi kutoka shule kichwa kilianza kuniuma nikiwa ngazi ya mwisho, kabla hata sijafungua mlango. Nilidhani ndivyo London inavyouma.

Karim alianza kukohoa mwezi wa pili. Dadima akamshonea hirizi: karatasi yenye aya, imekunjwa ikawa ndogo kama punje ya mahindi, ikafungwa katika kitambaa cheusi, ikabandikwa kwa pini ya nepi kwenye fulana yake, upande wa moyo. Akamvika shali mbili juu. Akikohoa alikuwa mwekundu, halafu akitulia rangi ya midomo ilikuwa kama ya jivu. Mama alimchukua kabla ya kwenda kiwandani na baada ya kurudi, akiweka sikio kwenye mgongo wake kama anayesikiliza mtu chumba cha pili.

Mwenye nyumba alikaa chini. Alikuwa anaitwa Bi Gudrun, Mnorwe aliyeolewa na baharia wa Kiingereza na kubaki mjane, mwanamke mrefu kama mlango, asiyejua kunong'ona. Binti yake alikuwa akimletea mjukuu wa kulea, mtoto mnene aitwaye Erik, umri mmoja na Karim. Na huyo Erik ndiye aliyetuvuruga akili. Kila alipoletwa, nyanya yake alimlaza kwenye kigari, akakisukuma mpaka uani, akamwacha hapo peke yake na baridi yote ile, akarudi jikoni kukanda mkate.

Dadima alimwona siku alipofuta kioo kwa kiganja. "Ya Rabi! Wamemtupa mtoto!"

Nikachungulia chini ya kwapa lake. Mtoto alikuwa amelala, uso tu ndio ulioonekana, mashavu mekundu kama nyanya.

"Pengine amekosa adabu," nikasema.

"Mtoto wa miezi sita atakosa adabu gani? Shuka ukaulize. Uliza kwa heshima. Uliza kama mtoto ana babake."

Kwetu Mombasa kitu kilichowekwa nje ya mlango ni cha kuuzwa au cha kutupwa, na mimi sikujua Erik yuko fungu gani. Nikashuka. Bi Gudrun alinikalisha mezani, akanikatia kipande cha kitu cha rangi ya kahawia nilichodhani ni halua. Nikakitia mdomoni chote kwa tamaa. Kumbe ilikuwa jibini. Sikujua kama niteme au nimeze, na nikiwa katika hali hiyo ndipo nikauliza, kwa Kiingereza changu cha shule, huyo mtoto amefanya kosa gani.

Bi Gudrun alicheka mpaka sahani zikalia. "Hana kosa. Analala. Kwetu watoto wote hulala nje. Mimi nililazwa nje, mama yangu alilazwa nje."

"Kwa nini?"

Hapo akafuta unga mikononi, akachana kipande cha bahasha kuukuu, akachukua penseli akaandika neno moja refu: friluftsliv. Nilikuwa sijawahi kuona neno lililobanwa hivyo. Akalikata kwa vistari. Fri, akasema, ni huru. Luft ni hewa. Liv ni maisha. Nikauliza ile herufi ya katikati, s iliyobaki peke yake, maana yake nini. Akasema haina maana, ni uzi tu wa kushonea kitambaa hiki na kile. Hilo nililielewa, kwa sababu Mama alikuwa akishona magauni kiwandani. Kisha akaniambia mabaharia wa kwao wa zamani walikuja Uingereza na neno lao la hewa, Waingereza wakalichukua wakalipa chumba cha chini ya paa, kile wanachokiita loft.

"Kwa hiyo nyinyi," akasema akielekeza penseli darini, "mnakaa ndani ya hewa."

Nikatazama juu. Nilikuwa nimetoka huko sasa hivi na sikuacha hewa yoyote.

Alinieleza mengine pia, nami nayakumbuka kwa sababu sikuyaelewa. Alisema neno lile si matembezi wala si dawa, ni fikra nzima ya namna ya kuishi. Alisema watu wa kwao wanaamini mtu akitoka nje hajaondoka kwake, bali amerudi kwake. Nililigeuzageuza jambo hilo. Sisi tulikuwa nje tangu tuliposhuka kwenye ndege. Mjomba alipotuaga alisema, mnakwenda nje. Na hapa tulipokuwa hapakuwa kwetu hata kidogo. Nikamwomba ile karatasi, akanipa pamoja na penseli, nikaandika chini ya kila kipande maneno yetu: huru, hewa, maisha.

Jioni ile Mama aliporudi nilisoma ripoti yangu mbele ya wote wawili, nimesimama juu ya kitanda. Dadima alinisikiliza akichambua mchele.

"Huru?" akasema. "Uhuru tena? Si uhuru huo huo uliokuja Mombasa, mimi nikaacha sufuria zangu zote? Sasa umenifuata mpaka Kilburn." Akapuliza pumba. "Na hayo maneno yako matatu, huru, hewa, maisha, yote ya Kiarabu. Yamefika pwani kabla babu yake huyo hajavaa viatu. Atanifundisha nini?"

Mama akacheka, mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. "Hakufundishi, Ma. Mtoto ameuliza, amejibiwa." Halafu akamtazama Karim, akasema kwa sauti ya chini, "Lakini labda tufungue kidogo, Ma. Upande mmoja tu. Hata mimi kifua kinanibana."

"Fungua," Dadima akajibu. "Fungua, na siku ukimzika mjukuu wangu usiniite."

Mama akaanza kukunja nepi. Mke wa mtu ugenini, mumewe hayupo, hashindani na mama mkwe. Mimi nilikuwa natazama dirisha na natazama Karim, na sikujua nani kati ya Dadima, Mama na Bi Gudrun, wakubwa watatu niliowapenda, alikuwa anasema kweli.

Basi nikafanya hesabu zangu mwenyewe. Mtoto wa nje ana mashavu, mtoto wa ndani hana. Mtoto wa nje halii, mtoto wa ndani anakohoa. Na kuhusu maneno, Dadima mwenyewe alikwisha nifundisha yanavyofanya kazi: unayaandika, unayakunja, unambandika mgonjwa. Huhitaji kuyaelewa. Kiarabu cha hirizi sikukielewa, na Kinorwe pia sikukielewa, kwa hiyo nikaona sifa zote zimetimia.

Alhamisi moja tulirudishwa nyumbani mapema kwa sababu boila ya kupasha shule joto iliharibika. Mama alikuwa kiwandani. Dadima alikuwa ameswali adhuhuri, amebaki juu ya msala na tasbihi yake, na usingizi ukamchukua hapo hapo akiwa amekaa, kama ilivyokuwa kawaida yake karibu na hita. Karim alikuwa kitandani anakohoa kikohozi kidogo kidogo, cha mtu aliyechoka kukohoa. Macho yake yalikuwa yananitazama. Nikasema moyoni, leo nitakuponya.

Nilimbeba ngazi zote, kidevu chake begani kwangu, na nakumbuka alikuwa na moto kama chupa ya chai. Bi Gudrun alikuwa ametoka kwenda madukani, na Erik siku ya Alhamisi haletwi, kwa hiyo kigari kilikuwa kitupu chini ya kibanda cha uani. Nikakivuta mpaka katikati, penye hewa. Nikamlaza. Halafu nikakumbuka kipande cha kwanza cha lile neno. Huru. Nikamvua shali ya kwanza, nikamvua shali ya pili, nikamvua kofia na kisweta, nikamwacha na nepi na fulana yenye hirizi. Kando ya hirizi ya Dadima nikaibandika ile karatasi kwa pini ya nepi, uso wa maneno ukielekea kifua.

Sikuwahi kuinua blanketi la Erik. Sikujua kwamba chini ya ule uso mwekundu kulikuwa na sufu juu ya sufu, soksi juu ya soksi, na chini ya vyote hivyo ngozi ya kondoo. Mimi niliona uso tu, nikadhani mila yote ni hiyo.

Karim alishtuka kidogo, akatazama juu, akanyamaza. Hakukohoa. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni nimeshika magoti na nilijawa na furaha, nawaambia kweli, furaha ambayo sijapata kuisahau wala kujisamehe. Niliona Mama atarudi atamkuta ana mashavu. Niliona Dadima atakubali kufungua dirisha. Mvua ya manyunyu ikaanza, ile ya London ambayo huioni mpaka umeloa, na bado sikuinuka, kwa sababu Bi Gudrun alisema wao hawaogopi mvua.

Yeye ndiye aliyemwona kwanza. Alifungua lango la uani na kikapu chake, akasimama, kikapu kikaanguka. Alimnyanyua Karim, akafungua vifungo vya koti lake na vya blauzi, akamtia ndani, ngozi kwa ngozi. Miguu ya Karim ilikuwa na rangi ya zambarau. Wakati huo huo Dadima akatokea mlango wa jikoni, peku, tasbihi mkononi, amezinduka hakumkuta mtoto. Akaona kigari. Akaona shali zimelala chini kwenye maji. Akaona mwanamke wa Kizungu amemkumbatia mjukuu wake aliye nusu uchi.

Katika ua ule, kati ya wanawake wale wawili, mtu mmoja tu alikuwa na lugha zote mbili.

"Muulize!" Dadima akapiga kelele. "Muulize huyu mwanamke, mtoto wetu amemkosea nini? Kwa nini amemtoa nje?"

Nikamgeukia Bi Gudrun, nikamwambia kwa Kiingereza, "Bibi anaogopa."

"Mwambie tunakwenda hospitali sasa hivi," Bi Gudrun akasema. "Na wewe niambie, nani amemleta hapa?"

Nikamgeukia Dadima. "Anasema twende hospitali," nikasema. "Anasema watoto wa kwao hulala nje. Anasema ni friluftsliv."

Sikutunga hata neno moja. Nilichukua jibu la siku nyingine nikaliweka kwenye swali la siku ile. Lakini katikati ya Kiswahili changu Bi Gudrun alisikia neno lake mwenyewe, akanitazama. Nikaona linamwingia: kigari, shali, karatasi aliyonipa, uso wangu. Alikwisha fungua mdomo. Kisha akaufunga, akampita Dadima, akatoka kwenda barabarani kutafuta gari akiwa bado na Karim ndani ya koti. Dadima alimfuata peku akimlaani kwa Kiswahili na kwa Kikachi, lugha ya wazee wetu wa India, mpaka hospitalini.

Mama alikuja moja kwa moja kutoka kiwandani, nyuzi zimemganda kwenye nywele. Walikuwa wamekwisha kumvua Karim nguo wakamweka kwenye hema la plastiki lenye hewa yake lenyewe. Nesi akampa Mama mfuko wa karatasi wenye fulana na vitu vyake. Mama akatazama ndani, akakunja mdomo wa mfuko, akaushika mapajani. Daktari alipokuja nilisogea ili nisikie. Alisema nimonia. Alisema imeanza siku nyingi. Alisema chumba, alisema moshi wa mafuta ya taa, alisema unyevu, alisema baridi. Nilingoja aseme ni kipi hasa. Nilitaka jibu hilo kuliko kitu chochote, kama ni hewa iliyomwumiza au ni kukosa hewa, kama nilikaribia kumwua au nilikaribia kumwokoa. Daktari akaandika kitu kwenye jalada lake akaenda kwa mtoto mwingine.

Karim alikaa hospitali wiki tatu. Mara ya kwanza Mama alipokutana na Bi Gudrun mlangoni, mimi nilikuwa kwenye ngazi, nimejificha nyuma ya nguzo, nangoja mwisho wangu.

"Kigari ni changu," Bi Gudrun akasema. "Nilipaswa kukifungia."

Mama akamtazama. "Asante," akasema.

Asante! Dadima alimgombeza Mama wiki nzima kwa asante ile. Unamshukuru mtu aliyetaka kukuulia mtoto? Mama alisema Kiingereza kilimtoka tu. Na mimi niliiweka asante ile pamoja na mambo mengine ya wakubwa yasiyoeleweka. Hirizi ya Dadima ilirudi na Karim, imebandikwa kwenye fulana nyingine. Karatasi yangu sikuiona. Niliitafuta uani, niliitafuta kwenye kigari wakati Bi Gudrun hayupo, nikaamua mvua imeichukua.

Tulihama kabla Karim hajamaliza siku kumi nyumbani. Siku ya kuondoka Bi Gudrun alisimama mlango wa jikoni, mikono ina unga. Dadima alimpita bila salamu. Nilipomfikia nilipunguza mwendo. Nilitamani anichongee. Nilitamani amwite Mama amwambie kila kitu, nichapwe, yaishe. Aliniwekea tu mkono juu ya kichwa, ukaacha unga kwenye nywele, na nikaukung'uta nilipofika nje ya lango.

Baba alikuja mwaka uliofuata. Dadima alikufa akimtaja yule mwanamke katika dua zake mbaya, na mimi, msichana mkubwa wa miaka kumi na sita, nilikuwa pembeni yake nikiitikia amina. Ndiyo, niliitikia. Karim alikua, kifua chake kikabaki dhaifu, mpaka leo hawezi kupanda ngazi mbili bila kusimama. Na hadithi ikakua pamoja naye.

Utu uzima ulinipa mazoea ya kutafuta lile neno kila nilipoingia maktaba, kama mtu anayerudi kugusa jino bovu. Niligundua kwamba fri limezaliwa tumbo moja na neno la Kiingereza la rafiki, na kwamba zamani sana shina lake lilikuwa kupenda. Walio huru walikuwa wale wapendwa wa nyumba, si watumwa wake. Nilikaa na kitabu kile mbele yangu nikamkumbuka Dadima na sufuria zake. Pwani kwetu mtu huru aliitwa muungwana, na leo tukisema muungwana tunamaanisha mtu mwenye staha, asiyemwaibisha mwenzake. Nilipokuwa na miaka minane nilitafsiri vibaya. Chini ya fri ningeandika muungwana, na ningekuwa namtaja mtu ninayemjua.

Haya yote yalipita kichwani mwangu pale sakafuni Neasden wakati Karim bado anacheka na sweta yake. Halafu akaacha kucheka.

"Kuna kitu ndani," akasema. "Kinachoma."

Aliigeuza sweta. Upande wa ndani, upande wa moyo, palikuwa na pini ya nepi iliyokwisha shika kutu, na chini ya pini kipande cha bahasha kilichokunjwa, wino wa stempu umetawanyika kwa maji. Penseli haifutiki na mvua. Neno lilikuwa pale, limekatwa kwa vistari, na chini yake mwandiko wangu wa darasa la tatu, herufi kubwa na ndogo zimechanganyika.

Mfuko wa karatasi, mapajani kwa Mama. Alijua. Alijua tangu siku ya kwanza, kabla hata hajamwambia Bi Gudrun asante. Akanificha kwa Dadima, akanificha kwa Baba, na kumbe alikuwa anarudi Kilburn. Nikakumbuka Alhamisi zake. Miaka mingapi Mama alichelewa kurudi siku ya Alhamisi, akasema ni basi, na mikono yake inanuka mkate? Wanawake wale wawili walikaa jikoni kule, mmoja anafuma, wananijua, na hakuna hata mmoja aliyeniambia. Sikuelewa na sielewi sasa. Kama alinisamehe, kwa nini hakuniambia nimesamehewa? Au alikuwa akiningoja, mwaka baada ya mwaka, nije mwenyewe, na mimi niko jikoni natazama chai?

Karim aliinua karatasi kwenye mwanga. Yeye Kiswahili anakisikia, lakini kusoma hakufundishwa.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu."

"Na hili neno refu? It's not English."

"Si Kiingereza."

Alinisukumia ile karatasi magotini, bado anatabasamu kidogo, hajui. "Nitafsirie basi, Dada."

Nikaichukua. Nikamwambia akae vizuri. Kisha nikamtafsiria, safari hii neno kwa neno, nikianzia uani, kwenye swali la Dadima.